Malaria (2): Ushindi uliopotea mara mbili Zanzibar

Wiki iliyopita tulikifuata kimelea cha malaria kutoka mate ya mbu hadi kwenye ini na damu ya binadamu. Leo twende Unguja na Pemba, kwa kuwa huko ndiko inakoonekana wazi jinsi malaria inavyoshindwa, na jinsi inavyorudi.

Mwaka 1958, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani (WHO), nyumba za visiwani zilianza kupuliziwa DDT. Dawa ya namna hii huitwa dawa ukoko, kwani hubaki imeganda ukutani kama ukoko chunguni. Mbu jike wa anofelesi, ambaye ndiye hueneza malaria, akishashiba damu huwa mzito, hutafuta ukuta wa karibu apumzike. Akitua penye dawa, ndio mwisho wake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi ndani ya mwili wa mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo si lazima kumaliza mbu wote. Ukiwafupishia maisha tu, wengi hufa na vimelea vyao vikiwa bado vichanga.

Kazi ile ilizaa matunda. Kufikia mwaka 1968 maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 10, katika visiwa ambavyo awali zaidi ya nusu ya watoto walikutwa na vimelea. Ndipo shughuli zikasitishwa. Malaria ikarudi. Jaribio la pili lilifanyika miaka ya 1980 kwa fedha za Marekani, nalo likaisha bila mafanikio ya kudumu.

Awamu ya tatu ilianza mwaka 2003, wakati dawa ya malaria ya klorokwini ilipokuwa imeshapoteza nguvu na Zanzibar ikaamua kutumia dawa mseto zenye artemisinini, zikitolewa bure. Zikafuata vyandarua vyenye dawa, na kuanzia mwaka 2006 upuliziaji ukarudi kwa nguvu. Tangu mwaka 2008, maambukizi kwa jumla yamekuwa chini ya asilimia moja. Wodi za watoto zilizokuwa zikijaa kila msimu wa masika zikapata nafasi. Kwa maoni yangu, haya ni miongoni mwa mafanikio makubwa kabisa ya afya ya jamii katika nchi yetu, na hayasemwi vya kutosha.

Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi na tano sasa imepita na hiyo asilimia ndogo iliyobaki haijaondoka. Kwa nini?

Kwanza, mbu wenyewe. Dawa ya ukutani na chandarua vinamlinda mtu aliye ndani. Waliosalia kwa wingi ni anofelesi wa aina ya arabiensis, ambao huuma pia nje, mapema jioni, watu wakiwa barazani au wakirudi kutoka baharini. Pili, bahari haizuii vimelea. Boti hutoka Dar es Salaam kila siku, na Tanzania Bara, ingawa imeshusha maambukizi kwa watoto kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi 8 mwaka 2022, bado ina mikoa yenye malaria nyingi. Msafiri anaweza kurudi nyumbani na vimelea damuni bila hata kuhisi homa.

Tena asilimia hiyo ndogo ina hatari yake, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtu anayeumwa malaria mara kwa mara tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi fulani, ambayo haimwepushi na maambukizi lakini humkinga asizidiwe. Kijana wa Pemba aliyezaliwa baada ya mwaka 2008 hana kinga hiyo. Ugonjwa ukirudi kwa wingi, utawaangusha watoto na watu wazima pamoja. Mlipuko wa mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, wagonjwa walipoongezeka ghafla, ulionyesha kwamba hatari hii ni ya kweli.

Wakati huohuo dawa tunazozitegemea zinatikiswa. Vimelea vyenye usugu kiasi dhidi ya artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisitisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya afya, na mapambano ya malaria Afrika yaliitegemea sana. Duniani, mwaka 2023 pekee, malaria iliua watu wapatao 597,000, wengi wao watoto wa Afrika wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kukata fedha katika hali hii ni kurudia kosa la mwaka 1968 kwa kiwango kikubwa zaidi.

Inawezekana kumaliza. Cape Verde, visiwa kama Zanzibar, ilithibitishwa na WHO Januari 2024 kuwa haina malaria, nayo pia iliwahi kuushinda ugonjwa huu ukarudi. Zanzibar ina mfumo mzuri: mgonjwa akigunduliwa, kituo hutuma taarifa kwa simu, kisha wahudumu humfuata hadi nyumbani kuwapima anaoishi nao. Lakini mfumo huo huanzia kwa mgonjwa aliyekwenda kupimwa. Basi ndugu msomaji, ukirudi visiwani kutoka Bara na ukapata homa, usimeze panadoli ukalala. Nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo, upimwe, na umweleze mhudumu ulikolala.