Maneno ya Njia ya Misafara na Istilahi za Mtandao wa Nyumbani

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mtandao mdogo wa kompyuta za nyumbani unavyofanya kazi, na kuchungua kama maneno yaliyotumika katika njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, yaweza kutusaidia kuueleza kwa Kiswahili kilicho wazi. Njia hiyo ndiyo iliyokipeleka Kiswahili bara, na maneno mengi ya safari, mizigo na vituo yalipata maana zake humo. Si ajabu basi kwamba watu wanapotafuta istilahi za kompyuta huyarudia. Lakini neno lifaalo ni lile linalolingana na kazi ya kitu chenyewe. Kwa hiyo yatupasa kwanza tuitazame kazi, kisha tulipime neno.

1. Mzigo na kituo

Katika karne ya 19 mali ya mfanyabiashara haikusafiri ikiwa kitu kimoja. Ilifungwa katika mizigo, na kila mpagazi wa Kinyamwezi akachukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Kompyuta nazo hufanya vivyo hivyo. Barua au picha ipelekwayo hukatwa vipande, na katika mitandao ya nyumbani kipande kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1500. Kila kipande huandikwa anwani mbili, ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Hupewa pia namba, ili vikifika vipangwe upya, na kilichopotea kiombwe tena. Neno ‘mzigo’ lakifaa kipande hicho vizuri, na vitenzi ‘kupakia’ na ‘kupakua’ vimekwisha kuzoewa na watumiaji wenyewe, bila ya kamati yo yote kuwalazimisha.

‘Kituo’ nacho kimetokana na kutua, yaani kuweka mzigo chini. Tabora ilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya bara. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga huko, na njia zimegawanyika: ya magharibi kwenda Ujiji, ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine za kusini. Mizigo ilitua, ikagawanywa, ikashika njia yake. Hiyo ndiyo kazi ya chombo kiitwacho ruta.

2. Kirangozi si ruta

Mtu aweza kudhani kwamba ruta ingefaa kuitwa kirangozi, kwa kuwa kirangozi ndiye aliyeuongoza msafara. Fikira hii yapendeza, lakini yapotosha. Kirangozi alikwenda pamoja na mizigo, tena aliijua njia. Ruta haiendi po pote; hukaa mahali pake, na haijui njia nzima. Husoma anwani ya mzigo, ikaangalia ni kituo gani kinachofuata, ikaupeleka huko, basi. Katika mtandao hakuna kirangozi hata mmoja, na vipande vya barua moja vyaweza kufika kwa njia mbalimbali. Tukimwambia mwanafunzi kwamba ruta ni kirangozi, atafikiri kwamba mahali fulani pana mwenye kuijua njia yote, na hapo atakuwa amekosa kuielewa siri yenyewe ya mtandao. Ruta haifanani na mtu aliyepita Tabora. Yafanana na Tabora yenyewe. Neno ‘njiapanda’ lingekuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa ‘ruta’ limekwisha kuenea na halina ubaya.

Mfano wa mizigo pia una mpaka wake. Mzigo wa mpagazi ukiondoka Bagamoyo haubaki Bagamoyo. Faili likipelekwa, la asili hubaki pale pale, na kinachofika ni nakala. Kwa sababu hiyo ‘kunakili’ na ‘kuhamisha’ visichanganywe: wa pili huondoa la asili, wa kwanza hauondoi.

3. Nyumba kama tembe

Nyumba ya tembe, kama ile ya Kwihara karibu na Tabora alimokaa Livingstone mwaka 1872, ina ukuta ulioizunguka, ua katikati, vyumba vinavyotazama ndani, na lango moja. Mtandao wa nyumbani wajengwa hivyo hivyo. Ruta ndiyo lango. Kompyuta, simu na mashine ya kuchapia ni vyumba, na kila kimoja hupewa anwani ya ndani, mara nyingi yenye kuanza na 192.168. Anwani hizi zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani, na nyumba nyingi mno duniani huzitumia kwa pamoja bila kugongana, kwa sababu hazitoki nje ya lango. Kama vile kila tembe laweza kuwa na ‘chumba cha kwanza’ wala pasiwe na ugomvi. Ombi la kwenda nje lifikapo langoni, ruta huifuta anwani ya chumba ikaandika yake. Jibu lirudipo, hukumbuka ni chumba gani kilichouliza.

Basi vyumba vyaweza kusemezana uani hata lango likiwa limefungwa. Kompyuta ya zamani iliyowekewa mfumo wa Debian, ulioanza mwaka 1993, yaweza kuwa seva ya nyumba. Na programu ya Samba, iliyoanza mwaka 1992, huwezesha kompyuta za mifumo mbalimbali kutumia kabrasha moja la pamoja. Vitabu vya watoto na picha za jamaa husomwa humo bila kununua bando.

Lakini hapa lugha yetu yatutia katika taabu. Neno ‘mtandao’, kutokana na kutanda na kutandaa, ni zuri, ila limebebeshwa mizigo mitatu. Mtu husema ‘mtandao umekatika’ akiwa na maana ya intaneti. Huuliza ‘watumia mtandao gani?’ akiwa na maana ya kampuni ya simu. Na kompyuta mbili zilizounganishwa chumbani nazo huitwa mtandao. Matokeo yake ni kwamba bando likiisha, mwenye nyumba hudhani kwamba hata mashine ya kuchapia haitamsikia, akatoka kwenda kulipa kwa kazi ambayo angeifanya kwake bila gharama hiyo. Hasara hii yatokana na neno. Naona yafaa ‘mtandao’ libaki jina la jumla, ‘mtandao wa nyumbani’ litumike kwa ule wa ndani ya lango, na ‘intaneti’ kwa ule wa dunia nzima.

4. Huru na bure

Programu zilizotajwa hapo juu huitwa programu huria. Kiingereza hutumia neno moja kwa kisicholipiwa na kwa kisichofungwa, hata Richard Stallman, aliyeutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, imembidi kueleza mara nyingi kwamba akusudia uhuru wala si bei. Kiswahili hakina shida hiyo: ‘bure’ ni habari ya bei, ‘huru’ ni habari ya kutofungwa. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake waweza kusomwa, kubadilishwa na kugawanywa.

Kwa wataalamu wa lugha jambo hili lina uzito wa pekee. Katika programu iliyofungwa, maneno ya Kiswahili huamuliwa na mwenye programu, na kosa likiwamo hatuna njia ila kumwomba. Katika programu huria, maneno hukaa mara nyingi katika faili la tafsiri, sentensi ya asili juu na Kiswahili chake chini. Awezaye kuandika aweza kulisahihisha. Hayo ndiyo yaliyowezesha Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kampuni ya Kiswidi IT+46. Kabla ya kutafsiri ilibidi kwanza orodha ya istilahi itungwe.

Orodha peke yake, hata hivyo, haitoshi. Neno hujulikana kuwa zuri au baya pale mtu anapolitumia kazini. Kwa kuwa faili la tafsiri li wazi, twaweza kuweka ‘njiapanda’ katika kompyuta za nyumba chache za Tabora na ‘ruta’ katika nyingine, kisha tuwaulize wenyeji waeleze kwa maneno yao kilichotendeka bando lilipoisha. Atakayeweza kueleza kwa nini mashine ya kuchapia iliendelea kufanya kazi, neno alilopewa ndilo litakalostahili kuingia kamusini.