Kobe Mwenye Pembe Aliyeitwa Mjusi

Kobe hahitaji kujitambulisha. Gamba lake linatosha. Lakini akishakufa maelfu ya miaka, vikabaki vipande vya mifupa, hata bingwa anaweza kumwita mnyama mwingine.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1886. Sir Richard Owen, mtaalamu mashuhuri wa mifupa huko Uingereza, alipata mabaki kutoka Lord Howe, kisiwa kidogo mashariki ya Australia. Akaona fuvu lenye pembe, na mkia uliovikwa pete za mifupa. Akakata shauri kuwa huyu ni mjusi, ndugu mdogo wa lile jijusi la Australia ambalo yeye mwenyewe aliliita Megalania. Akampa jina Meiolania, yaani mzururaji mdogo.

Mwaka uliofuata Thomas Huxley, hasimu wake wa siku nyingi, akasema: hapana bwana, huyu ni kobe. Akampa jina jipya, Ceratochelys, kobe mwenye pembe. Nadhani ndilo lililomfaa. Lakini sheria ya majina ya wanyama haijali nani alikuwa sahihi. Jina lililotangulia ndilo linalosimama. Kwa hiyo hadi leo kobe huyu anaitwa kwa jina alilopewa akidhaniwa mjusi.

Kumpatia ukoo nako kumesumbua. Makobe na makasa wote walio hai leo wako katika makundi mawili. Wapo ambao shingo hujikunja kwa kurudi nyuma moja kwa moja, kama kobe wetu wa porini, na wapo wanaoilaza ubavuni, kama wale wa kwenye madimbwi na mito yetu. Meiolania, kwa pembe zile, kichwa kisingeingia ndani. Kwa muda mrefu aliwekwa katika kundi la kwanza. Wachunguzi wengi wa miaka ya karibuni wanamtoa kote kuwili: ni tawi la kale, lililochepuka kabla makundi hayo hayajaachana.

Tena hakutoweka zamani sana kama dinosaria. Mwaka 2010 ilitangazwa mifupa ya kobe wa ukoo huo kutoka Teouma, katika kisiwa cha Efate, Vanuatu. Ilikutwa kwenye majalala ya watu walioishi hapo karibu miaka 2,800 iliyopita. Sehemu kubwa ilikuwa mifupa ya miguu, penye nyama. Walimla, na baada ya kama miaka 300 tangu watu kufika, mifupa yake haionekani tena.