Nyongeza za Azeroth na Watu Wanaozitengeneza

Katika mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft, chama cha wachezaji kinapojipanga kwenda kupambana na jitu kuu, kiongozi huuliza maswali machache kabla ya kuingia. Nani mponyaji, nani atakaa mbele kupokea mapigo, na nani hana nyongeza. Swali hilo la mwisho humshangaza mgeni. Mchezo ameununua, ada ya mwezi amelipa, sasa anaambiwa bado kuna kitu hana. Kwa wenyeji wa Azeroth, ulimwengu wa kubuni ambamo mchezo huu unachezwa, kuwa na nyongeza ni sehemu ya adabu ya kujiunga na kundi.

Nyongeza ni programu ndogo zinazoandikwa na wachezaji wenyewe. Kampuni ya Blizzard Entertainment ya California ilipotoa mchezo Novemba 2004, iliacha wazi kila kinachoonekana juu ya skrini: vitufe, ramani, mifuko, madirisha ya mazungumzo. Sehemu hiyo huandikwa kwa Lua, lugha ya programu iliyozaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro nchini Brazili. Lua ni nyepesi, mtu mwenye subira hujifunza misingi yake bila kwenda shule. Ndiyo maana waandishi wa nyongeza hawakutoka miongoni mwa wataalamu peke yao. Walitoka ndani ya vyama.

Deadly Boss Mods, inayofupishwa DBM, ni mfano mzuri. Ilianza kama La Vendetta Boss Mods, ikibeba jina la chama kilichoizaa. Kazi yake ni kumwonya mchezaji: sekunde kumi zimebaki jitu liteme moto, ondoka ulipo. Miaka ya mwanzo ya mchezo watu 40 waliingia vitani pamoja, na mmoja tu akichelewa kusogea wote waliweza kuangamia. Kutokuwa na DBM, au na BigWigs ambayo ni mwenzake, kulionekana kama kuwadharau wenzako 39. Kiongozi anaweza kuandika amri fupi na kupata orodha ya kila mtu na toleo alilo nalo, na asiye nayo anaonekana mara moja.

Ujuzi wa kusakinisha hurithishwa kwa kuelekezana. Siku hizi zipo programu za kufanya kazi yote kwa kubofya mara moja, CurseForge ikiwa maarufu kuliko nyingine, lakini mkongwe wa chama bado humfundisha mgeni kufanya kwa mkono, kwa kuwa mambo yakiharibika ujuzi huo ndio utakaomwokoa. Unapakua faili iliyobanwa, unaifumua, unaiweka folda yake ndani ya folda ya mchezo iitwayo Interface, kisha AddOns. Ndani ya folda lazima iwemo faili inayoishia na .toc, na jina lake lilingane na jina la folda herufi kwa herufi. Hapo ndipo wengi hukwama. Folda imefumuliwa ikajikuta ndani ya folda nyingine yenye jina lilelile, au jina limebaki na mkia lililokuja nao kutoka kwenye ghala la msimbo, na mchezo hauioni kabisa. Mgeni analalamika kwamba hakuna kilichotokea. Mkongwe anamwambia asome majina ya folda zake, moja baada ya jingine, na kosa linajitokeza lenyewe.

Siku toleo jipya la mchezo linapotoka ni siku ya misukosuko. Namba iliyo ndani ya .toc haifanani tena na ya mchezo, na nyongeza nyingi zinaandikwa kuwa zimepitwa na wakati. Kuna kisanduku cha kutia tiki ili zipakiwe hivyohivyo. Zikigombana, desturi ni kuzizima zote, kisha kuwasha moja moja hadi mkorofi ajulikane. Na kabla ya kugusa chochote unanakili kwanza folda ya WTF, kwa sababu ndimo ilimo mipangilio yako yote ya miaka.

Kazi hii hutolewa bure. Mwanzoni ilikuwa hivyo kwa mazoea, lakini Machi 2009 Blizzard ilitoa masharti yaliyoifanya sheria: nyongeza isiuzwe, msimbo wake usomeke na yeyote, isiweke matangazo ndani ya mchezo, wala isiombe michango humo. Baadhi ya watengenezaji waliumia, na naelewa kwa nini. Mtu anayeamka usiku kurekebisha kitu kinachotumiwa na umma mkubwa ana haki ya kuhisi kwamba jasho lake lina thamani. Hata hivyo sharti la msimbo kusomeka limeleta neema kubwa. Mtengenezaji akichoka, mwingine huchukua kazi na kuiendeleza, na vijana wengi wameonja programu kwa mara ya kwanza kwa kufungua faili ya nyongeza waliyoipenda na kubadilisha mstari mmoja ili waone kitatokea nini.

Si kila nyongeza imejenga udugu. Recount, Skada na baadaye Details! huhesabu kila pigo la kila mtu na kuyapanga kwa mistari ya rangi, mkubwa juu, mdogo chini. Kiongozi mwenye busara huzitumia kujua kwa nini jitu halifi. Asiye na busara hubandika orodha hadharani kumfedhehesha aliye mkiani, hata pale aliye mkiani ndiye aliyeacha kupiga ili awaokoe wengine. Katika vyama vyenye malezi, kubandika hesabu bila kuombwa ni utovu wa adabu. Kisha ikaja GearScore, katika kipindi cha Wrath of the Lich King kilichoanza 2008, iliyojumlisha vifaa vya mchezaji kuwa namba moja. Watu wakaanza kukataliwa mlangoni kwa namba hiyo kabla hata hawajasalimiwa. Naamini hakuna nyongeza iliyoidhuru tabia ya jamii hii kama ile.

Kugawana ngawira nako kuna nyongeza zake, kama RCLootCouncil, ambapo baraza la wazee wa chama hupiga kura nani apewe upanga. Haiondoi malalamiko, lakini kila anayetaka kitu hutaja haja yake na wapiga kura wote huiona.

Upande ninaoupenda zaidi ni ule wa waigizaji. Katika seva kama Argent Dawn ya Ulaya na Moon Guard ya Marekani, wengi hawaji kuua majitu. Wanakuja kuishi ndani ya mhusika, kuzungumza kwa sauti yake, kufungua duka, kuoa na kuzika. Mchezo wenyewe hukupa uso na jina tu. Total RP 3 hukupa kurasa za kuandika zaidi: kovu la shavuni, lafudhi, ukoo, jambo ambalo mtu angeliona kwanza akikutana nawe njiani. Mwenye nyongeza hiyo, au nyingine inayoelewana nayo, husoma maelezo yako akikukaribia.

Hapo adabu ni nyingi na hufundishwa kwa upole. Soma maelezo ya mtu kabla ya kumsemesha. Usiandike kwamba kila akuonaye hujawa na hofu, maana hisia za mwenzako ni zake. Siri uliyoisoma katika historia ya mhusika usiifanye kuwa habari ambayo mhusika wako anaijua. Ukitaka kusema kama wewe mwenyewe, weka maneno ndani ya mabano mawili. Na udugu wa waigizaji huweza kutoka nje ya mchezo: katika seva ya Argent Dawn, Mats Steen wa Norway, kijana aliyeishi na maradhi ya kudhoofika kwa misuli, alijulikana kama Ibelin katika chama cha Starlight. Alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, wanachama walisafiri kutoka nchi nyingine kwenda kumzika. Filamu ya hali halisi iliyotoka 2024 iliyajenga upya maisha yake kutokana na maandishi ya mazungumzo ambayo chama kilikuwa kimeyahifadhi.

Mipaka ya nyongeza imekuwa ikivutaniwa tangu mwanzo. Mwishoni mwa 2006 Blizzard ilizuia nyongeza zilizochagua nani atibiwe na kwa uganga upi, huku mchezaji akibonyeza kitufe kimoja tu. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba katika toleo la Midnight taarifa nyingi za vita zitafichwa zisisomwe na nyongeza, na mchezo utakuwa na maonyo yake wenyewe. Watengenezaji wa WeakAuras, iliyokuwa karibu lazima kwa vyama vikubwa, walisema hawatatengeneza toleo la Midnight. Nasikitika kwa kazi yao, lakini nadhani kampuni ina hoja: mapambano yalikuwa yamefika mahali ambapo asiye na nyongeza hawezi kuyaelewa.

Nyongeza za lugha ni habari nyingine. Mchezo huu hautoki kwa Kiukraine, Kipolandi wala Kiarabu, ila wachezaji wa lugha hizo wameandika nyongeza zinazoonyesha maelezo ya safari, yaani kazi ambazo mchezo humpa mchezaji, na maneno ya wahusika kwa lugha yao. Wa Kiarabu walilazimika hata kutafuta njia ya kuandika kutoka kulia kwenda kushoto katika mchezo usiojua hivyo. Kiswahili nacho hakimo katika lugha rasmi za mchezo, lakini herufi zake zote zimo tayari katika kila fonti yake. Kijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura au Muscat anayecheza na kujua Lua kidogo ana kila kitu anachohitaji. Aanze na safari kumi za kwanza za mji mmoja, aziachie bure kama wenzake walivyoziachia zao, na wengine tutamsaidia kutafsiri zinazobaki.