Mkono Unaojua Kulegea

Hapo zamani, wala si zamani sana, mwaka 1961, kiwanda kimoja cha General Motors kule New Jersey, Marekani, kilifunga mkono mkubwa wa chuma ulioitwa Unimate. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya chuma vilivyotoka kalibuni vikiwa bado vya moto na kuviweka kando. Ni kazi ya hatari kwa mwanadamu. Mkono ule haukuungua wala haukuchoka.

Ila, wanangu, mikono ya namna ile haikujua kugusa. Iliamriwa jambo moja tu: fika pale. Kama haijafika, isukume. Ikizuiwa, izidi kusukuma. Kwenye hewa tupu hilo halina ubaya. Lakini tuseme meza imesogezwa sentimita moja kuja huku. Mkono hauna habari za meza. Unachojua ni kwamba haujafika, basi unaongeza nguvu, na unaongeza tena, mpaka kitu fulani kishindwe: meza, kifaa kilichoshikwa, au mkono wenyewe. Na kama aliyesimama katikati ni mtu? Ndiyo maana roboti za viwandani ziliwekwa ndani ya uzio, watu wakakaa nje.

Sasa nyoosha mkono wako mbele, umwambie mwenzako ausukume kwa kidole. Ukiulegeza, unasogea bila ubishi. Halafu kaza misuli yote, ya upande wa juu na ya upande wa chini kwa pamoja, asukume tena. Unaona? Mahali ulipoukusudia mkono ni pale pale, kilichobadilika ni ugumu wake. Jambo hili unalifanya kutwa nzima bila kufundishwa: unalegea ukishika yai, unakaza ukigongomea msumari.

Mtu aliyelitazama jambo hilo kwa makini ni Neville Hogan, mzaliwa wa Dublin, Ayalandi, aliyekwenda kusoma na kufundisha MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Massachusetts. Alikuwa amechunguza misuli ya binadamu na mikono bandia. Mwaka 1985 alichapisha makala yenye sehemu tatu kuhusu udhibiti wa impidansi, na hoja yake bado inanifurahisha kwa unyoofu wake. Vitu viwili vikigusana, alisema, kimoja hakiwezi kuamua peke yake mahali pa kuwa na pia nguvu ya kusukumia. Ukuta nao una neno lake. Kwa hiyo usiiamuru roboti ifike pale kwa vyovyote vile, wala usiiamuru isukume kwa nguvu kadhaa. Iamuru kuhusu uhusiano wa hayo mawili: ukiondolewa mahali pako kiasi hiki, rudisha nguvu kiasi hiki.

Springi ndivyo inavyofanya. Roboti haina springi viungoni mwake. Kompyuta yake hufanya hesabu, nazo mota hutii, na anayeisukuma huhisi springi. Tufanye hesabu hiyo. Tukichagua ugumu wa nyutoni 2,000 kwa mita, ile meza iliyosogea sentimita moja itasukumwa kwa nyutoni 20, karibu sawa na uzito wa kilo 2. Tukipunguza ugumu hadi 200, meza ileile itapata nyutoni 2, yaani uzito wa gramu 200 hivi. Mota ni zilezile. Tumebadilisha namba moja tu kwenye programu.

Springi tupu, hata hivyo, huchezacheza huku na huku. Basi kompyuta huongeza ukinzani wa mwendo, kadiri mkono unavyokwenda kasi ndivyo unavyozuiwa, kama mwiko ndani ya uji mzito. Na uzuri zaidi, ugumu unaweza kutofautiana kwa kila upande. Roboti inayofuta kioo cha dirisha huwa ngumu kuelekea kushoto na kulia ili isipotee njia, na laini kuelekea kiooni ili isikivunje.

Msidhani ulaini wa programu unatosha. Programu haiondoi uzito: mkono mzito ukija kwa kasi utakugonga kabla haujapata nafasi ya kulegea, na kisu hukata hata kikisukumwa polepole. Ndiyo sababu wahandisi wa DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, walitengeneza mkono wenye viungo 7 na uzito wa kilo 14 hivi, na ndani ya kila kiungo wakaweka sensa inayopima msokoto. Leo mikono ya jamii hiyo hupima na kujirekebisha mara 1,000 au zaidi kwa sekunde.

Lakini mkono ninaoupenda kuliko yote ni wa Hogan mwenyewe na mwenzake Hermano Igo Krebs, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1989. Unaitwa MIT-MANUS. Mtu aliyepatwa na kiharusi anakaa mezani, mkono wake dhaifu umefungwa taratibu kwenye mpini wa roboti. Mbele yake pana skrini yenye alama, naye anatakiwa aifikie. Akiweza mwenyewe, roboti humwachia, na mkono wa roboti ni mwepesi kiasi kwamba karibu hauhisiwi. Akipinda njia, humrudisha polepole. Akishindwa kabisa, humpeleka. Msukumo wa ghafla wa mgonjwa haukutani na ubishi wa chuma, hukutana na springi.

Mwaka 1994 ulianza kutumiwa na wagonjwa katika hospitali ya Burke, White Plains, New York. Matokeo ya wagonjwa 20 wa mwanzo yalichapishwa mwaka 1997. Walikuwa makundi mawili, na yote mawili yalipata nafuu, maana wote walikuwa wakitibiwa kwa njia za kawaida pia, lakini waliofanyishwa mazoezi na roboti walipata nafuu kubwa zaidi, hasa kwenye bega na kiwiko. Hakuna hata mmoja aliyedhurika kwa mazoezi hayo.