Gesi ya kiyoyozi: fundi hatarini, mwenye gari hasarani

Mwenye teksi au Land Cruiser ya kukodisha huko Bangwe, Kigoma, anapopeleka gari kujazwa gesi ya kiyoyozi, asiulize bei tu. Aulize ni gesi gani. Magari ya zamani yalitumia R-12, ambayo chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 ilikomeshwa hata katika nchi zinazoendelea ilipofika 2010. Mengi yaliyofuata yalitoka na R-134a. Zikichanganywa, au mafuta yasipolingana na gesi, kompresa huharibika, na fedha ya safari nyingi imekwenda.

Kwa fundi mambo ni mazito zaidi. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikimrukia jichoni hugandisha, na huenda akapofuka. Miwani na glavu, basi, si pambo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: hutuama ndani ya shimo la gereji na kumkosesha aliyemo pumzi. Ikigusa moto wa kuchomelea, au hata sigara, hugeuka sumu.

Anayeshauriwa kujaza gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi, akatae. Hiyo huwaka, na mirija ikivuja ndani ya gari lenye abiria, cheche moja yatosha.