Umesahau neno la siri? Hivi ndivyo mwizi anavyoweza kubahatisha linki yako

Mtu akisahau neno la siri la akaunti yake, anabonyeza "nimesahau" na muda si mrefu anapata linki kwenye barua pepe. Mwishoni mwa linki kuna mlolongo wa herufi na namba usiosomeka. Hiyo ndiyo tokeni. Yeyote aliyenayo anaweza kuweka neno jipya la siri, na tovuti haimuulizi kingine.

Sasa, mlolongo huo umetoka wapi?

Kosa linalojirudia ni la mwandishi wa programu kuchukua saa ya seva na kuipitisha kwenye md5. Zinatoka herufi 32 zinazotisha kwa macho, kumbe ndani yake hamna siri yoyote. Siku nzima ina sekunde 86,400 tu. Mwizi anaomba linki kwa barua pepe ya mwenye akaunti, anaangalia saa, halafu anajaribu sekunde chache za kabla na baada. Barua pepe ya mtu haigusi kabisa. Uniqid ya PHP nayo inatokana na saa, ila inahesabu kwa vipande vidogo zaidi vya sekunde.

Wengine hutumia Math.random ya JavaScript au moduli ya random ya Python. Kwa mchezo wa ludo hizo zinatosha kabisa. Shida ni kwamba ni hesabu tupu: kila namba inazaliwa na iliyotangulia. Python hapo inatumia kanuni iitwayo Mersenne Twister, na anayepata namba zake 624 zinazofuatana, za biti 32 kila moja, anaweza kukokotoa zote zitakazofuata. Yaani namba inaonekana ya nasibu, lakini inatabirika.

Na si wanagenzi tu wanaoteleza hapa. Mwaka 1995, Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kivinjari cha Netscape kilitengeneza funguo zake za siri kwa kutumia saa na namba mbili za utambulisho wa programu kwenye kompyuta. Vyote hivyo vinakisika.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Debian, mfumo wa Linux unaoendesha seva nyingi duniani. Mwaka 2006 fundi mmoja aliondoa mistari michache kwenye OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri, kwa sababu kifaa cha kukagua makosa kilikuwa kinailalamikia. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza unasibu. Kilichobaki ni namba ya utambulisho ambayo kila programu inayoendeshwa hupewa, na kwa kawaida namba hizo ziliishia 32,768.

Kila kitu kiliendelea kufanya kazi. Funguo zilitoka ndefu, nzuri, na hakuna aliyegundua kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Tangazo lilitoka Mei 13, 2008, baada ya Luciano Bello kuligundua tatizo. Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian, nao ulikumbwa. Kurekebisha programu hakukutosha: kila ufunguo uliotengenezwa kipindi hicho ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya, kwa sababu yeyote angeweza kuandaa orodha yake yote mapema.

Dawa ipo, na ni rahisi kuliko ugonjwa. Mfumo wa kompyuta wenyewe hukusanya unasibu kutoka kwenye matukio ya mashine yasiyotabirika, na lugha zote kubwa zina njia ya kuuomba. PHP ina random_bytes tangu toleo la 7, Python ina moduli ya secrets tangu 3.6, Node ina crypto.randomBytes, na kwenye kivinjari kuna crypto.getRandomValues. Baiti 16 tu zinatoa uwezekano ambao idadi yake ina tarakimu 39. Hapo kubahatisha hakuna.

Ile kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS ni habari nyingine. Uwezekano wake ni milioni moja tu hata ikitengenezwa vizuri, ndiyo maana lazima iishe muda haraka na majaribio yawe machache.

Kwenye programu, mabadiliko yenyewe ni mstari mmoja. Ila kama ilivyokuwa kwa Debian, tokeni zilizotolewa kwa njia ya zamani hazitengenezeki: zinafutwa zote, na waliokuwa wanasubiri linki wanaomba upya.