Wawekezaji wa Ardhi na Nyumba: Nani wa Kumtafuta Ukumbini

Jijini Dar es Salaam, watu wanaonunua viwanja na kujenga nyumba za kupangisha hukutana katika kumbi za hoteli, katika maonesho ya kampuni zinazouza viwanja na hata katika vikao vya vikundi vya kuweka akiba, na wengi wao hufika wakiwa na fedha kidogo, maswali mengi na hofu ya kutapeliwa. Anayeingia humo akidhani kwamba kazi yake ni kumpata muuzaji huondoka na vipeperushi tu, kwa kuwa wauzaji hawajapata kuadimika. Walio adimu ni wale wanaoweza kumwambia iwapo kinachouzwa ni cha muuzaji kweli.

Ugumu huo unatokana kwa sehemu na sheria yenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, hivyo mnunuzi hapati ardhi yenyewe bali haki ya kuitumia kwa muda, ambao katika hati miliki hauzidi miaka 99, ilhali ardhi ya vijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo. Kiwanja kinachosifiwa kuwa “kimepimwa” chaweza basi kuwa na hati, chaweza kuwa na barua ya toleo ambayo wengi huiita ofa, au chaweza kuwa na mawe ya mipaka tu huku ramani yake ikiwa haijaidhinishwa, na thamani ya hali hizo tatu hailingani hata kidogo.

Ndiyo maana mpima ardhi, wakili na mthamini, yaani mtaalamu anayekadiria thamani ya mali na ambaye usajili wake unasimamiwa na sheria ya mwaka 2016, wanastahili kutafutwa kabla ya mwenye kipaza sauti. Dalali naye hapaswi kudharauliwa, kwani hakuna anayeijua mitaa kumshinda, lakini ni lazima ifahamike anakula wapi: mbali na ujira wake wa wazi kuna kile kiitwacho “cha juu”, yaani nyongeza anayoipachika juu ya bei ya mwenye mali bila mnunuzi kujua. Dalali anayekubali kuwakutanisha mnunuzi na mwenye mali ana kwa ana, bei ikitajwa mbele ya wote, ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Mazungumzo yenyewe huzaa matunda yanapokuwa finyu. Anayejitambulisha kuwa anatafuta fursa husahaulika kabla chai haijapoa, ilhali anayesema kwamba anatafuta nyumba ya vyumba viwili Mbagala, ya kupangisha, na kutaja kiasi alichonacho, hukumbukwa siku nyumba ya namna hiyo inapotokea. Tena haifai kufika mikono mitupu, kwa maana kila mkazi ana jambo ambalo wengine hawalijui: kodi halisi ya chumba mtaani kwake, fundi asiyekimbia na fedha za saruji, au viwanja vya kandokando ya Bonde la Msimbazi ambavyo wakati wa kiangazi huonekana vizuri lakini masika huvifunika kwa maji. Atoaye habari kama hizo bila kudai malipo hupigiwa simu baadaye, na urafiki wa kibiashara hujengwa katika simu hizo kuliko ukumbini.

Kuna watu wawili ambao aghalabu hawaonekani katika mikutano hii, nao ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na jirani wa kiwanja, ambao huenda wakajua ugomvi wa mirathi usioandikwa popote. Yupo pia mwenzi wa muuzaji, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa yake. Kwa hiyo msomaji asilipe chochote ukumbini, hata kwa simu, kabla ya upekuzi kufanywa katika ofisi ya Msajili wa Hati. Bei inayotangazwa kuwa ni ya leo tu, mara nyingi huwa ni ileile wiki inayofuata.